Akumu na Unga Mchungu

Akumu hufua nguo za watu mjini Busia, upande wa Uganda, na chakula cha nyumba yake hutegemea jua. Mvua ikishinda inanyesha, nguo hazikauki, halipwi, na wanawe hulala na uji mwepesi. Mumewe, Owori, alivuka kwenda kupakia malori upande wa Kenya na hajapiga simu tangu hapo. Mwaka huu mvua zilipozidi, Akumu aliacha mahindi akahamia unga wa muhogo, kisha akaacha samaki. Hata chumvi akawa anaiomba kwa jirani yake, Munirah.

Siku moja alimkuta sokoni mtu asiyemfahamu akiuza unga wa muhogo kwa nusu ya bei ya wengine. Ulikuwa mweupe, lakini ukiufinya unashikana kama wenye unyevu. Akumu ni mzaliwa wa Mukuju na kwao hulimwa muhogo mchungu. Anajua kwamba huvundikwa, ukaanikwa mpaka ukauke kabisa ili sumu yake itoke, ndipo usagwe. Akamwuliza muuzaji aliukausha wapi katika mvua hizi. Akajibiwa kwamba asiyetaka awapishe wenzake. Nyuma yake kweli wanunuzi walikuwa wamejaa. Akanunua.

Jioni alisonga ugali, watoto wakanawa. Harufu yake haikumpendeza. Akawaambia wasubiri, akamega tonge akala na majani ya kunde. Uchungu ulikuwepo, ila si wa kumfanya mwenye njaa ateme. Akala la pili, na la tatu.

"Mama, unatumalizia," alisema mkubwa wao, Isaac.

Akumu aliwazuia wasiuguse mpaka aone kama utamdhuru. Alikaa mlangoni wanawe wakimkodolea macho, na ugali ukapoa. Baadaye kichwa kikaanza kumgonga, macho yakaingia giza, akatapika mpaka akashindwa kusimama. Alipoweza kusimama, alibeba sufuria ya ugali na unga uliobaki akavimwaga vyote chooni. Watoto walilia kama waliofiwa. Munirah aliposikia kilio akawaletea wali uliokuwa wa watoto wake.

Kesho yake Akumu hakuweza kuinuka mpaka mchana. Alijikokota sokoni ili awaonye watu, akakuta pahali pa yule mtu ni patupu. Wauza nyanya walimwambia kwamba alipakia magunia yake alfajiri, akaenda kuuza kwenye gulio la Mukuju.

Akampigia mama yake simu, haikupokewa. Akapiga tena na tena. Mwishowe mama akapokea kwa sauti ya furaha, akaanza kumweleza unga alioupata leo kwa bei ya kutupa.

"Mama, usiupike."

"Tumeshakula, mwanangu. Mimi nililamba tu, nilimwachia Luke. Amelala, anasema kichwa kinamuuma."

Luke ni mdogo wake Akumu. Akumu alimwambia mama asimwache alale, amtafutie pikipiki sasa hivi ampeleke hospitali. Naye akakopa nauli kwa Munirah akawafuata.

Luke aliwahiwa. Usiku ule alishindwa kusema. Kesho yake aliomba maji, na jioni akaweza kukaa. Mama yao alikuwa akimfuta uso wakati mwanamke mmoja alipoletwa akiwa amelegea, amebebwa na mumewe. Nesi alimuuliza mume mkewe amekula nini.

"Ugali tu," alisema. "Watoto tumewabakizia."