Jalada la Kanga

Bi Kazija wa Malindi ni fundi cherehani, na ulimi wake mkali kuliko mkasi wake. Mchana mmoja mjukuu wake Ummy alimpigia simu ya video kutoka Maskati. Mwalimu wake kawaambia wanafunzi kila mmoja atengeneze jalada la daftari lisilofanana na la mwenziwe.

"Wenzangu wanachapisha katuni, bibi. Mie nataka kitu cha kwetu."

"Katuni za nini! Nnakushonea."

Akafungua kabati, akatoa upande mmoja wa kanga, mpya bado, unanukia udi. Binti yake Sumaiya, mamake Ummy, alipoondoka kwenda kufanya kazi Maskati, walinunua doti wakaikata, kila mmoja akabaki na upande wake. Waliagana waivae sare siku atakaporudi. Ummy kazaliwa huko huko, na sasa anasoma.

Bi Kazija aliupakata ule upande mpaka chai yake ikapoa. Kisha akatia mkasi. Ua la katikati likakaa mbele ya daftari, pindo likazunguka kingoni, na jina la Ummy akalitarizi kwa uzi mwekundu. Jirani aliyekuwa akisafiri kwenda Maskati akalichukua jalada.

Simu ilipolia tena alikuwa Sumaiya mwenyewe, jalada mkononi, machozi yanamtoka.

"Mama, umeikata? Si tuliagana tutaivaa siku nikirudi?"

"Nshaikata," akasema Bi Kazija. "Kama umekasirika, njoo unigombeze hapa."