Sufi Iliyotua Kwenye Mwerezi

Ardis Tveten alimfahamu yule dume kwanza kwa pembe zake. Kulungu wa mkia mweupe huangusha pembe baridi inapokaribia kuisha, na kila mwaka Ardis aliziokota chini ya miti zikiwa na ubaridi wa theluji, nene kuliko za mwaka uliotangulia. Alizitundika sebuleni, juu ya picha ya marehemu mumewe, Lyle. Majirani walimwita kulungu huyo Mchungaji, kwa sababu ya koo lake jeupe kama kola ya kanisani, na kwa sababu kila mtu alidai kumjua ingawa wachache walikuwa wamemwona.

Tangu ujana wake Ardis alikuwa akigeuza mabonge mazito ya jibini yenye umbo la gurudumu katika kiwanda cha bondeni kwetu. Kazi hiyo ndiyo iliyolila bega lake la kulia. Daktari alikuwa amepanga upasuaji mwishoni mwa Novemba, na alimwambia waziwazi kwamba baada ya hapo hatavuta tena upinde wake wa kuwindia. Jumamosi msimu wa kuwinda kwa bunduki ungeanza, na bunduki zikishaanza kulia, dume mzee hatembei mchana. Kama Ardis angempata Mchungaji kwa mshale, ingekuwa wiki hii au basi tena.

"Nunua ule upinde wa kufyatulia," Palmer alimwambia wakinywa kahawa. Palmer ni mdogo wake Lyle, anafuga ng'ombe wa maziwa shamba la jirani. "Unabonyeza tu. Hata bibi kizee anaweza."

"Mpe mkeo, shemeji. Yule ana shabaha. Viatu anavyokurushia havijawahi kukukosa."

Palmer alicheka mpaka kahawa ikamwagikia ndevu.

Kila jioni Ardis alipanda kwenye dungu ambalo Lyle alilijenga juu ya mti wa mwaloni, ukingoni mwa korongo. Ubao wa kukalia bado ulikuwa na umbo la Lyle. Huku kwetu dungu la marehemu haliachwi tupu, na hakuna aliyemuuliza kwa nini hahamii mti mwingine. Mfukoni aliweka sufi ya magugu ya malishoni, ile inayotoka maganda yakipasuka wakati wa vuli. Aliachia unyuzi mmoja mmoja ili aone upepo unakokwenda.

Jua likingali juu, sufi ilielea kuelekea mashamba ya mahindi. Lakini jua lilipozama nyuma ya kilima, hewa ilipoa na kuanza kuteremka polepole kama maji yasiyoonekana, na sufi ikateremka nayo. Ilimeta kidogo, ikapita juu ya majani makavu, ikapotelea korongoni kati ya mierezi. Ardis aliipenda saa hiyo. Ilikuwa kana kwamba bonde zima linavuta pumzi yake na kuinywa. Mchungaji hakuja, naye alishuka kwenye ngazi akiwa na bega linalouma na moyo uliotulia ajabu.

Jumatano alijiuliza, kwa mara ya kwanza, sufi ile huenda kutua wapi.

Adhuhuri ya Alhamisi alishuka korongoni kuifuata. Aliikuta yote kwenye mwerezi mmoja, imenasa matawini, kama theluji iliyouangukia mti ule peke yake. Gome lake lilikuwa limesuguliwa kwa pembe mpaka likang'aa. Chini yake ardhi ilikuwa imeparwa kwa kwato, na nyayo pana zilikuwa zimekusanyika mahali pamoja, ncha zake zikielekea kwenye mwaloni.

Ardis akaketi kwenye majani. Miaka yote alidhani yeye ndiye anayempeleleza Mchungaji. Kumbe Mchungaji alikuja hapa kila jioni, akanusa harufu yake ikiteremka na sufi kutoka dunguni, kisha akaenda zake kwa njia nyingine.

Alimpigia Palmer simu palepale.

"Shemeji, umeoga leo?"

"Swali gani hilo? Nimeoga juzi."

"Vizuri. Usioge tena. Kesho jioni njoo na koti lako la zizini, na tumbaku yako."

"Ardis, unanialika niwinde au ninuke?"

"Unuke. Utakaa pale kwa Lyle. Mchungaji akinusa mtu juu, hatamtafuta mwingine chini."

"Basi nitanuka vizuri," Palmer alisema.

Ijumaa jioni Palmer alikaa juu ya mwaloni akitafuna tumbaku. Ardis alikuwa chini zaidi korongoni, kwenye dungu dogo alilolifunga kwa kamba, mahali ambapo harufu yake ilifuata kijito na kwenda mbali na mwerezi. Ukungu ulianza kujikusanya. Jani likaanguka, likachukua muda mrefu kufika. Ndipo mierezi ikawa na pembe, na chini ya pembe koo jeupe, bila sauti yoyote.

Mchungaji alisimama chini ya mwerezi. Aliinua pua kuelekea mwaloni akanusa koti la Palmer, kwa makini, kama mtu anayesoma habari aliyokwisha kuisikia. Ubavu wake wote ulikuwa wazi. Ardis alivuta upinde. Bega liliungua, halafu katikati ya maumivu pakawa kimya, na uzi wa upinde ukamgusa shavu. Akaachia.

Dume aliruka mara moja, akakimbia mpaka kwenye kijito, akalala kana kwamba ndipo alipokuwa akienda.

"Ardis!" Palmer aliita kutoka juu. "Nimenuka vya kutosha?"

Ardis alitaka kumpungia, lakini mkono wa kulia ulikataa kunyanyuka. Akaunyanyua upinde kwa mkono wa kushoto, juu kabisa ili mtu aliyekaa pale kwa Lyle auone.