Majirani Waliogombana Alfajiri

Mwaka wa pili wa ndoa yangu tulilima ulezi mwishoni mwa Tunduma, pale mji ulipokuwa ukiishia wakati ule wa Mwingereza. Ulezi ulipokaribia kukomaa, mimi na mume wangu tulihamia kibandani shambani ili tuamie ndege. Kutwa nzima nilikaa juu ya dungu, nikipiga debe na kuwatukana kwelea, nao wasinijali hata kidogo.

Msimu huo serikali ilikuwa ikijenga nyumba za makarani wa forodha kando ya shamba letu. Ya kwanza ilipoezekwa bati, akahamia karani mmoja na mkewe, watu wa Tanga.

Asubuhi ya tatu, jua halijachomoza, tukasikia hodi. Karani alikuwa amesimama mlangoni kavaa koti, mwavuli mkononi. Mkewe alikuwa nyuma yake, akinitazama kwa huruma.

"Bwana," karani akamwambia mume wangu, "samahani kwa kuingilia ya ndani. Lakini sasa tu majirani. Siku tatu mfululizo, kila alfajiri, tunakusikia ukimgombeza mkeo. Mke hasemezwi hivyo."

Mume wangu alikuwa mtu ambaye hata ukimwomba chumvi hufikiri kwanza. Akanitazama, akamtazama karani. "Mimi?"

"Ile sauti nzito ni ya nani basi?"

"Usiogope, dada," mkewe akaninong'oneza. "Sema tu."

Kabla sijasema, sauti ikanguruma kutoka bondeni: uu, uu-uu. Nyingine ikajibu, nyembamba kidogo. Karani akageuka. "Kumbe ni wengine!"

Tukawaongoza polepole kwenye umande. Wagombanaji walikuwa wanne, weusi, wakubwa kuliko jogoo yeyote, ngozi nyekundu imewaning'inia kooni, wakitembea kwa mwendo wa wazee wa kanisa wanaokusanya sadaka.

"Ni mumbi," nikasema. "Kwetu husema jike anamwambia mumewe, 'Naenda kwetu!' Dume anajibu, 'Nenda zako!'"

Mke wa karani alicheka mpaka akakaa chini. Karani hakucheka. Aliwatazama sana wale ndege, kisha akasema, "Hata hivyo, huyo mume hana adabu."

Tangu siku hiyo mkewe akawa anakuja dunguni kila asubuhi. Ndege akitua, mimi namtaja kwa Kinamwanga, yeye kwa jina la Tanga, tunabishana hadi ndege mwenyewe anaondoka. Kwelea walishiba mwaka ule.

Habari za vigingi vya wapimaji vilivyochomekwa shambani mwetu yeye ndiye aliyeniletea, maana mumewe alikuwa ameiona ramani. "Mwenzangu," akasema bila kunitazama, "zinakuja nyumba nyingine sita. Hapa hapa tulipokaa."

Tulivuna pamoja, akajikata kidole mara mbili kwa kisu na hakutaka kupumzika. Tukapewa shamba lingine mbali, nyuma ya kilima. Nyundo zilipoanza kulia, mumbi nao wakaondoka. Mume wangu alisema wamevuka kwenda Rhodesia.

"Bila kupita ofisini kwangu," karani akasema.

Miezi miwili baadaye nikasikia hodi kwenye kibanda kipya. Alikuwa mke wa karani, amekuja kwa miguu peke yake, viatu mkononi, anauliza kama huku mumbi wapo. Hawakuwepo. Nikampa uji, tukamcheka mumewe weee, na jua lilipopungua makali nikamsindikiza mpaka barabarani.