Kaka Yangu Alinipa Shortcut Badala ya Sauti ya Baba

Admin, jina langu lisionekane tafadhali, watu wetu wote wako kwa hii page.

Mimi ni mama wa watoto wawili, miaka 36, niko na kacyber kadogo ka kuprint na internet hapa Nakuru. Nyumbani ni Kuresoi. Ndoa ilinishinda nikarudi kwa baba, maana mama alishatutoka, na aliyenishika mkono ni kaka yangu mkubwa. Yeye ni mwalimu wa kompyuta. Ndiye alinifunza hii kazi, akinigonga kichwa na biro: "Shortcut si faili, ni alama tu ya kuonyesha faili iko wapi! Ukimwekea mteja shortcut kwa flash, umempa hewa. Kwako itafunguka, akifika kwake ni kilio." Tulicheka sana siku hiyo.

Baba alipozidiwa aliomba arekodiwe. Tulikuwa watatu tu, mimi, kaka na mke wake. Kaka akamchukua video na laptop yake. Baba alikuwa akiniita mama, kwa sababu nina jina la mamake. Akasema waziwazi, "Huyu mama yangu amerudi nyumbani. Ajenge pale karibu na tangi, na mtu asimfukuze."

Baada ya mazishi kaka akanipea flash. Aliifungua kwa laptop yake nione, baba akaongea kidogo, mimi nikaanza kulia, akafunga. Nikaenda kuiweka kabatini. Sikuwa na nguvu ya kuisikiliza tena.

Mvua kuanza, kaka akapanda viazi, hizi waru zetu, pale pale karibu na tangi. Nikiuliza, eti msichana hana shamba kwao. Sawa! Nikaita wazee, nikabeba flash na laptop ya cyber. Nikachomeka mbele ya watu. Haifunguki. Kabla nisome vile imeandika, kaka ameichomoa. "Imekufa hiyo. Flash za siku hizi ni takataka." Watu wakacheka. Mzee mmoja akaniambia, "Rudi kwa bwanako, ama ulete video inayoongea."

Kufika cyber nikachomeka tena, nikaona kale kamshale kadogo kwa kona ya alama ya video. KB moja! Video huwa na maelfu. Baba mzima, KB moja! Ilikuwa shortcut, na njia yake inaelekea kwa laptop ya kaka. Ndiyo maana ilifunguka kwake. Woi! Angekuwa mtu mwingine ningesema hajui kompyuta. Huyu ndiye alinigonga na biro! Alinipa hewa akijua ni hewa, na kaburi la baba halijakauka. Nilimpigia simu nikamtusi mpaka wateja wakatoka nje. Unajua alinijibu nini? "Enda kwa chifu, uone kama hiyo video itakuwako jioni." Hivyo tu, akakata.

Sasa jana mke wake amenipigia akinong'ona. "Video bado iko, wifi. Nimempata akiiangalia peke yake, akapangusa macho akanifukuza." Kumbe anamlilia baba, na mimi amenifungia nje! Akaendelea, "Akiwa shule naweza kukukopia. Lakini mimi sijui kompyuta. Niambie tu nibonyeze wapi."

Hapo ndipo nimekwama. Kaka alishaapa, akimshika mke wake akinisaidia atamrudisha kwao na watoto watatu. Na si vitisho, huyo mtu namjua. Kurudi kwenu na mabegi najua kunakaa aje. Mimi nilimpata baba wa kunitetea. Huyu wazazi wake hawako, na kaka zake ni wale wale tu kama wangu.

Hasira inaniambia nimpe maagizo leo, huyo mwalimu aaibike mbele ya wazee wale wale walionicheka. Halafu namfikiria wifi akiwa barabarani na watoto kwa sababu yangu. Na mkitaka ukweli, hata waru akae nazo. Nataka kumsikia baba akiniita mama.

Wifi anangoja simu yangu. Nishaurini jameni. Nimwambie abonyeze wapi?