Mateka Anayetaka Kuona Bastola Kwanza

Saa mbili asubuhi, mwanamke wa miaka hamsini na minane amekaa sakafuni katika jengo lisilotumika, mgongo ukutani, akisubiri kutekwa nyara. Askari wanaojifunza uokoaji humwita Mama Mateka, naye huitika.

Ni mjane anayeshona mashuka nyumbani. Mara mojamoja kikosi humwita yeye na raia wengine waigize watu waliotekwa. Kazi yake ni kulia kwa sauti.

"Kulia hakunipi taabu," anasema. "Taabu ni kile kimya nikirudi nyumbani."

Kabla ya mazoezi, kila askari hupita mbele yake, hufungua bastola na kumwonyesha chemba, pale risasi inapokaa. Yeye huchungulia, husema "tupu," na askari huenda zake. Mkufunzi ndiye aliyeuweka utaratibu huo, ila wengi huuona usumbufu.

Leo askari mmoja amechelewa. Ametoka lindoni mbio, jasho linamtiririka. Ni kijana mpole, ndiye humshika mkono kila wanapowatoa mateka nje. Mkufunzi anatazama saa.

"Tuanze, mama. Huyu si mgeni kwako."

"Si mgeni. Bastola yake ndiyo sijaiona."

Mtu anacheka nyuma. Kijana amekunja uso. "Yaani mama, hata mimi huniamini?"

"Fungua tu, baba."

Anafungua. Risasi inadondoka sakafuni.

Kicheko kinakatika. Kwa haraka yake, kijana amekuja na bastola ya lindo badala ya ile ya mazoezi. Anakaa chini, kichwa mikononi. Mkufunzi anavunja mazoezi na kuwaambia raia waende makwao.

Wakati wa kutoka, kijana anampita Mama Mateka bila kumtazama. Hakuna anayemsindikiza getini.

"Ameona haya, namwelewa," anasema akifungua mlango wa chumba chake. "Lakini nimeumia, nisikudanganye."

Ndani mna kiti kimoja na cherehani. Binti yake ameolewa mbali. Marehemu mumewe, anasimulia akicheka, alikuwa mvivu wa kuinuka, akimpigia simu kutoka kitandani aletewe chai. Sasa simu hiyo hulia kikosi kinapomhitaji, basi.

Anaogopa haitalia tena. "Watasema mama huyu ana nuksi. Watatafuta mwingine, asiyeuliza."

Hata hivyo, hajutii. Kesho anapanga kwenda kikosini bila kuitwa, amtafute yule kijana.

"Nitamwambia, mwanangu, jana ningekuonea haya, ungeniua, ukaishi na mimi kichwani maisha yako yote," anasema, akivuta kiti karibu na cherehani. "Na mimi mtu wa kuishi naye namtaka sana. Lakini si kwa namna hiyo."