Futi Elfu Tano Nisizoziandika

Nakumbuka mchana mmoja wa masika, mwanangu, mchana ambao lau ningeweza ningeuchana kutoka maishani mwangu kama ukurasa ulioharibika. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mwongoza ndege kwenye mnara wa kiwanja kidogo hapa pwani. Jina la kiwanja halina haja. Kosa ni langu, si lake.

Kazi yenyewe nikueleze kidogo. Hatukuwa na mtambo wa kutuonyesha ndege zilipo. Kila ndege tuliiandikia kijikaratasi: jina lake, inakotoka, na urefu inaoruka kutoka usawa wa bahari. Zikikaribiana, moja lazima iwe juu ya nyingine kwa futi elfu moja au zaidi. Ukiiambia ndege ishuke, unaandika papo hapo, maana kile kijikaratasi ndicho macho yako. Na zamu ikiisha huondoki hivi hivi. Unakaa na anayekupokea, unamsomea karatasi moja moja, naye anakurudishia kwa mdomo, kisha unasimama nyuma ya kiti chake dakika kumi mpaka anga yote imkae kichwani.

Siku hiyo posa yangu ilikuwa inapelekwa Junju. Kwa desturi mwoaji haendi, lakini ni mimi peke yangu niliyeijua njia. Gari la ami yangu lilikuwa langoni tangu saa saba na nusu, wazee wanne ndani na kanzu zao, jasho likiwatiririka. Ukiwaweka wazee juani siku ya posa umeanza vibaya hata kabla ya kuoa.

Saa nane kasoro dakika tano, ndege ya abiria kutoka kaskazini iliyokuwa futi elfu saba iliomba kushuka. Nikairuhusu ishuke mpaka elfu tano. Kalamu nilikuwa nayo mkononi. Honi ikalia langoni, nikageuka, na Karisa akaingia kunipokea. Karisa alikuwa rafiki yangu, mtu wa Ganze. Tulisoma pamoja, tukaajiriwa pamoja.

"Umejipaka manukato ya mji mzima," akaniambia. "Ukikataliwa leo, usizilaumu pua za watu."

"Njoo ukae nikusomee."

"Unisomee nini? Karatasi tatu hizi? Nenda, bwana. Wakwe hawangoji."

Nikaenda. Usimlaumu yeye. Aliyepaswa kusoma ni mimi.

Yaliyofuata nilihadithiwa. Ndege ndogo ya watalii iliomba kupanda. Karisa akatazama kijikaratasi, akaona ile ya abiria imeandikwa elfu saba, akairuhusu hii ipande mpaka elfu sita. Kwenye karatasi ilikuwa salama. Angani moja ilikuwa inashuka ndani ya mawingu na nyingine inapanda humo humo. Rubani wa ile ndogo alipotokeza kwenye uwazi aliliona tumbo la ndege mbele yake, akapinda kwa nguvu, wakapishana. Abiria mmoja, mama, aliumia mkono. Hakufa mtu.

Tuliitwa mbele ya wachunguzi watatu. Sauti za redio zilikuwa zimerekodiwa, kwa hiyo ilijulikana kwamba ni mimi niliyeishusha ndege. Lakini ya kupokezana zamu hayakurekodiwa. Wakaniuliza kama nilimwambia Karisa.

"Nilimwambia," nikasema.

Wakamgeukia. Karisa alinitazama, akasema, "Kama anasema aliniambia, basi aliniambia. Mimi sikumbuki."

Hakuwa akinifichia. Aliniamini kuliko alivyojiamini. Kutoandika kwangu wakakuhesabu kosa dogo, maana mwenzangu aliambiwa; yeye wakamwondoa kazini.

Nilinyamaza miezi minne. Nikaoa. Karisa alikuja harusini, akala, akacheka na watu, halafu akanivuta kando.

"Nimejaribu kuikumbuka ile tano yako," akasema. "Nakumbuka manukato, nakumbuka honi. Tano siioni. Nadhani kichwa changu kina kasoro. Nimekwenda mpaka hospitali."

"Wamekwambiaje?"

"Nipumzike."

Jumatatu nikaenda kwa mkuu wa mnara, Mzee Athmani, nikamweleza yote. Nilitaraji anifokee. Akavua miwani, akayafumba macho yake kidogo. "La ndege ulilifanya ukiwa na haraka," akasema, "na nani hajawahi kuwa na haraka. La Karisa ulilifanya umeketi, umepewa maji ya kunywa, unaulizwa taratibu. Hilo sina pa kukusaidia."

Nikashushwa cheo, na ilikuwa haki yangu. Karisa akaandikiwa barua ya kumsafisha jina na kumwita arudi. Niliomba niipeleke mwenyewe Ganze. Aliisoma amesimama katikati ya mahindi, akaikunja.

"Kwa hiyo kichwa changu ni kizima," akasema.

"Kizima."

"Nashukuru kujua. Lakini sirudi. Nikikaa pale nikaona saba, nitajiuliza kama ni saba kweli. Kazi ile haimtaki mtu wa kujiuliza hivyo."

Hakunitukana. Alimwambia mkewe aniletee maji, maji ambayo mama wa watu aliyafuata asubuhi nzima kwa miguu, nami nikayanywa kwa sababu kuyakataa kungekuwa tusi jingine.

Nimezeeka, mwanangu, na hili nimechoka nalo. Sikupi ulibebe. Nakupa haya tu. Unapokabidhi kazi, iwe ndege, iwe mgonjwa hospitalini, iwe mbuzi wa jirani, kaa chini na anayekupokea, umwambie yote, naye akurudishie kwa mdomo wake, hata akiwa rafiki yako, hata akikuhimiza uende. Na ukikosea, sema siku ile ile, kosa likiwa bado ni lako peke yako. Ukingoja, utakuwa umemkabidhi mwenzio, na siku utakapolitaka likurudie utakuta limekwisha kumla.

Mola akujaalie mkono usiochelewa na ulimi usioogopa. Na wote watakaoachwa mikononi mwako, awafikishe salama.