Magunia Thelathini Uani

Mpaka nastaafu nilikuwa na kazi moja: kuchota madini na kuyapeleka maabara ya kiwanda, hapa Likasi, ili ijulikane ndani yake mna shaba na kobalti kiasi gani. Wengi waliidharau kazi hiyo, na waendelee kuidharau. Mimi ilinifundisha kitu ambacho shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, hataki kukisikia hadi leo: jiwe moja zuri halikuambii lolote kuhusu gunia zima.

Nilipopata malipo yangu ya mwisho, mwenye nyumba tuliyokuwa tumepanga alikuwa tayari kutuuzia. Pesa zilitosha nyumba, basi. Kabla sijampelekea, shemeji akafika. Yeye hununua madini kwa wachimbaji wa Kamatanda na kuyauza kwenye depo, kwa wanunuzi wakubwa. Akafungua leso mezani, akatoa jiwe jeusi.

"Shemeki, mashine ya depo inasema huyu iko na teneur ya nane," akasema. Teneur ni kiwango cha kobalti, na nane kwa mia ni mali kweli. "Kuko magunia makumi tatu. Tununue, tuyachunge mu parcelle, hapa uani, tungoje. Bei inapanda tu. Miezi tatu, unapata nyumba mbili."

Macho ya mke wangu yakawaka. Simlaumu. Miaka yote ya ndoa yetu amefulia nguo kwenye bomba la watu.

Nikasema sawa, lete magunia niyaone. Akayaleta kesho yake kwa gari la kukodi, akayapanga uani, akidhani nitayaangalia tu na kutoa pesa. Nikachukua koleo. Nikavuta magunia matano, moja huku, moja kule, nikayamwaga yote chini. Shemeji akapiga ukelele. Nikafanya kama tulivyofanya kiwandani: unachanganya, unarundika, unalibapaza rundo, unaligawa mara nne kama unavyowagawia watoto bukari, ugali wetu. Robo mbili zinazotazamana unazitupa pembeni, mbili zilizobaki unazichanganya na kuzigawa tena, hivyo hivyo mpaka kibaki kiasi cha kikombe. Majirani walijaa ukutani wakinicheka.

"Muzee anatafuta kazi yake mu poussière!" mmoja akasema, akionyesha vumbi nililotimua.

Niliwaacha wacheke. Kikombe changu tukakipeleka kwenye mashine ile ile ya depo, mimi na shemeji, kwa miguu. Ikatoka mbili na kidogo. Tena sehemu ya chini ya magunia ilikuwa imelowa.

"Ile jiwe ulichagua weye," nikamwambia. "Na maji ya mu magunia, tutauzisha ku bei ya cobalt?"

Hakutahayari hata kidogo. Akasema hata kwa mbili, bei ikipanda tutakula faida. Hapo hasira zikanipanda. Bei huandikwa kwa chaki kwenye ubao wa depo asubuhi, na mara nyingine hufutwa kwa kiganja kabla ya saa sita. Anayeipanga yuko mbali, hajui Likasi iko upande gani wa dunia. Nimeiona ikipanda, tukala nyama. Nimeiona ikishuka, mishahara ikakatika, na wale walioapa kwamba haitashuka wakauza hadi vitanda. Ningekuwa na pesa ya kuchezea, ningenunua magunia mawili na kungoja kama yeye, nikipoteza nikune kichwa. Pesa hii ilikuwa nyumba yetu.

"Minye nakataa," nikasema. "Ita na famille yote, nakataa."

Tukanunua nyumba. Na bei ikapanda.

Shemeji alikuwa amepata mwenye pesa mwingine. Baada ya miezi minne waliuza, akaja kututembelea na pikipiki mpya, akapiga honi mlangoni. Mke wangu hakunisemesha siku tatu. Ukweni nikaitwa mwoga. Iliniuma, tena iliniuma sana. Nilipanda juu kuziba mabati yetu yanayovuja huku nikitukana peke yangu. Lakini kwamba nilikosea, hilo silikubali. Mtu akivuka barabara amefumba macho na akafika ng'ambo mzima, nampa pole na hongera, ila sitamwomba anifundishe kuvuka. Sikusema hata siku moja kwamba bei itashuka. Nilisema sijui. Naye hakujua, tofauti ni kwamba yeye alipiga kelele.

Mwaka huu amerudi, safari hii kwa ajili ya mzigo mkubwa wa madini kutoka Kakanda. Mimi hakunitazama, alimgeukia dada yake. Alitaka karatasi ya nyumba, aiweke rehani kwa mkopeshaji, mwezi mmoja tu. Nikafungua mdomo. Mke wangu akaniwekea mkono gotini, nikaufunga.

"Karatasi haitoke," akamwambia mdogo wake.

"Yaya, uliona moto yangu," akasema, akionyesha pikipiki yake nje. "Bei ikipanda tena utalia."

"Ipande," mke wangu akasema, akasimama kumfungulia mlango. "Siye tutalala mu nyumba yetu."